Taulo Chini ya Mlango

Frida Semhando ukimkaribisha kwako, haketi kwanza. Atasalimia vizuri, atauliza hali za watoto, na huku anauliza mkono wake unapapasa chini ya mlango kuona kama hewa inapita. Jirani zake wa Muheza wameshamzoea. Wapo wanaosema Uarabuni kumemharibu, na wapo wanaosema ni maringo tu, eti anakagua nyumba za watu. Waongo hao. Mwanamke huyu aliogopa siku moja maishani mwake, akaogopa kwelikweli, na hofu ya siku ile haijamtoka mpaka leo.

Miaka hiyo alikuwa mtumishi wa ndani Dubai, mtaa wa Mirdif, ndege zinapita juu ya paa zikienda kutua mpaka vikombe vinagongana kabatini. Tajiri wake aliitwa Amour, mtu wa kazi za bandari huko Jebel Ali. Alizaliwa huko huko Dubai, lakini wazee wake ni wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Mkewe, Badriya, alikuwa Mwarabu wa pale pale, Kiswahili hajui hata neno moja. Huyo ndiye madam. Alikuwa mwanamke wa ofisini, wa haraka haraka, hatukani mtu wala hapigi mtu, ila akishasema khalas basi mambo yamekwisha, hata mumewe hafungui mdomo. Wa tatu katika nyumba ile alikuwa mama yake Amour, Bi Hilwa, aliyetoka Unguja msichana na sasa amepita sabini, sukari inamsumbua na miguu imemchoka. Frida aliletwa kwa ajili yake huyo, amwogeshe, amsindikize, ampe dawa kwa saa zake.

Ugomvi wa moto aliukuta. Walipohamia nyumba ile, Bi Hilwa alikuja na seredani yake, lile jiko la mkaa la udongo lililovishwa bati, alilolibeba kwenye begi kutoka Unguja mwaka aliokwenda kumzika dada yake. Wiki ya kwanza tu likawashwa barazani, kaa likaruka, likatoboa zulia la Kiajemi ambalo Badriya alirithi kwa mama yake. Badriya akasema khalas. Mkaa marufuku nyumbani kwangu, hata udi ufukizwe kwa chetezo cha umeme. Na aliyeliwasha kwa mkono wake siku ile, kwa kutumwa, alikuwa mtumishi, Mkenya wa Machakos, jina lake Damaris. Siku ya tatu Damaris alikuwa ndani ya ndege na begi lake. Frida alisimuliwa haya na mtumishi wa jirani walipokutana kwenye mapipa ya taka, hata wiki hajaimaliza, na tangu hapo kila akisikia geti linafunguka jina la Damaris ndilo la kwanza kumjia.

Yeye alikuwa na watoto wawili kwa mama yake Muheza, na mume aliyekwisha kutoroka na mambo yake. Pasipoti yake ilikaa kwenye droo ya Amour, maana ndiye kafeel, mdhamini wake kisheria. Kurudishwa nyumbani kwake yeye kulikuwa na maana moja, kwamba wale watoto shule imekwisha. Alilala na hilo na kuamka nalo.

Sasa, Bi Hilwa aliapa kwamba ile seredani ameitupa. Kuitupa wapi! Ilikuwa nyuma ya pampu ya maji, imefunikwa gunia, na Frida aliigundua siku alipokwenda kufunga bomba lililokuwa linavuja. Bi Hilwa akamketisha, akamwambia mambo kwa upole kama anayemposea mwana. Alimwambia kwamba wali wa kwenye gesi anaula kwa heshima tu, kwamba wali usiopaliwa si wali, ni uji uliokosa adabu, na kwamba hataki kufa bila kuuonja tena ule wenyewe. Frida ni Mbondei, wali wa nazi umepikwa mbele yake tangu anatambaa. Alijua vizuri bibi anataka nini. Maji yakishakauka sufuriani unapunguza moto chini, unachota makaa mekundu unayatandaza juu ya mfuniko, na wali unaiva katikati ya mioto miwili mpaka kila punje inasimama peke yake. Hata hivyo alikataa. Alikataa wiki tatu, bibi anamwangalia tu na kuguna. Ya nne akakubali, na nani angekaza roho zaidi ya hapo?

Ikawa kila Alhamisi. Madam anatoka saa moja asubuhi, anarudi saa tisa. Hapo katikati seredani inatolewa, inawekwa uani nyuma ya chumba cha kufulia ambako hakuna dirisha la mtu, Bi Hilwa kwenye kiti chake na Frida kwenye kopo la rangi alilolipindua. Mkaa uliletwa na mtu wa bakala, kiduka cha kona, naye akiulizwa na mtu wa nje ni wa udi wa bibi. Walikuwa wakicheka hao, jamani. Bi Hilwa anasimulia harusi za Malindi ya Unguja, Frida anapepea, na saa nane ikigonga seredani imeshapoa na kurudi guniani, sufuria imeng'aa, na bibi amelala usingizi wa mchana akiwa ameshiba. Miaka miwili mizima ilipita namna hiyo, na madam hakujua lolote.

Walikuwa na uangalifu wao. Mkaa mbichi ulikaa uani mpaka moshi wote uishe na makaa yawe mekundu, ndipo lolote lipikwe. Frida alifundishwa hivyo na mama yake, kwamba ubaya wa mkaa ni moshi, na makaa yaliyokwisha kuiva hayana neno. Kwao maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Jiko la mama yake ukuta haukufika kwenye paa, kuku waliingia na kutoka watakavyo, na mlango ulikuwa gunia. Hakuna aliyemwambia kwamba madirisha ya Mirdif yanafungwa kwa mpira pande zote, hata vumbi halipiti.

Mwaka 2008, mwezi wa kwanza, ikanyesha mvua. Watu wa kwetu tukisikia mvua ya Dubai tunacheka, lakini mvua ile haikuwa ya kuchekesha. Barabara zile hazina mifereji ya maana, na kufika Alhamisi Mirdif ilikuwa bwawa, magari yamezimika katikati ya njia na uani maji yamefika vifundoni. Frida alidhani wali umeahirishwa. Bi Hilwa akasema haiwezekani, siku hiyo ndiyo dada yake alifariki, na hawezi kumsomea dua halafu akala mkate wa dukani. Basi wakawashia mkaa kwenye kizingiti cha chumba cha kufulia, ulipoiva Frida akaiingiza seredani ndani, akapika humo humo, akapalia. Kichwa kilimgonga kidogo akadhani ni njaa.

Bi Hilwa akaswali adhuhuri, akala, akamshukuru Mungu. Kisha akalalamika baridi. Ukuta ulikuwa umelowa, na miguu yake ikipatwa na baridi inakufa ganzi mpaka analia. Akasema, "Niletee hiyo seredani hapa chumbani, mwanangu. Makaa yameshaiva, yatanidhuru nini?" Frida akafanya alivyomwona mama yake akifanya miaka yote mtu akiumwa. Aliyafukia makaa kwa majivu ili moto usinzie polepole, akaiweka seredani kati ya kitanda na kabati, akatupia kipande cha udi juu yake. Akafunga dirisha kwa ajili ya mvua. Bibi alipitiwa na usingizi hata shuka halijamfika kifuani.

Hapo ndipo simu ya nyumbani ikalia. Alikuwa madam. Ofisi imefungwa mapema kwa sababu ya mvua, yuko kwenye mzunguko wa barabara wa karibu, Frida amtolee vitambaa mlangoni maana viatu vimejaa maji. Frida akaitikia naam madam, akaweka simu chini.

Alisimama katikati ya ukumbi asijue aanzie wapi. Kuitoa seredani nje kwenye mvua hakuwezekani, udongo wa moto ukipata maji utapasuka na mvuke utanuka hadi barabarani, na seredani hiyo ndiyo roho ya bibi. Kuirudisha chumba cha kufulia ndiyo kabisa, madam ataanzia huko kuvua nguo zilizolowa. Mahali pekee pasipoingia madam bibi akiwa amelala ni pale pale ilipo. Ila harufu! Harufu ya mkaa ilikuwa inatoka chini ya mlango wa bibi na kuja ukumbini. Frida akafungua dirisha la chumba cha kufulia, akapuliza dawa ya vyoo kila mahali, akaficha sufuria, akachukua taulo kubwa la bluu, akalisokota, akalishindilia chini ya mlango wa bibi kwa nje. Akanusa, harufu imekatika. Alipomaliza geti lilikuwa linafunguka.

Madam aliingia amelowa, akauliza hali ya bibi, akaambiwa amelala. Lakini hakwenda kupumzika. Maji yalikuwa yameanza kuingia kwa mlango wa mbele, akavua abaya, akapandisha mikono, akashika mpira wa kusukumia maji, ule wa mpini mrefu, yeye mwenyewe na kumpa Frida mwingine. Wakasukuma maji pamoja, mwajiri na mtumishi, ukumbi mzima. Walipofika kwenye kijia cha chumba cha bibi, madam akaliona taulo. Madam akatabasamu, akasema kwa Kiarabu, "Umefanya vizuri kuziba mlango wa bibi. Maji yasimfikie." Akaendelea kusukuma.

Unaona shida hiyo? Angemgombeza ingekuwa nafuu. Sasa taulo limesifiwa, na mtu atalitoaje taulo lililosifiwa, maji yenyewe yako pale pale yanaonekana?

Frida akasukuma maji. Kichwa kilikuwa kinampasuka na matapishi yamekaa kooni. Na katika kuinama na kuinuka huko ndipo likamjia jambo alilokuwa hajalifikiria miaka mingi. Akiwa binti, aliwahi kufanya kazi Lushoto, msimu wa baridi. Kulikuwa na mlinzi wa shamba la mboga anaitwa Wilbard, na mkewe, waliokutwa asubuhi wamekufa kwenye kibanda chao, jiko la mkaa katikati. Hakukuwa na moshi wala jeraha. Watu wakasema wamerogwa. Mganga mmoja tu wa zahanati alisema mkaa ulikula hewa yao, na waliokuwapo pale walimcheka, Frida akiwa mmoja wao. Sasa, mpira mkononi, hakuna aliyekuwa anacheka.

Tuseme ukweli wake maana yeye mwenyewe huusema. Hakukimbia. Alijua, au alikuwa karibu kabisa na kujua, na hakukimbia. Alijiambia bibi amelala tu. Alijiambia ile ilikuwa Lushoto na kibanda kidogo, hiki ni chumba kikubwa cha kitajiri. Mara mbili alikwenda hadi kwenye mlango, akainama kama anayerekebisha taulo, na mara zote mbili madam alikuwa nyuma yake, na Frida akaona uso wa Damaris ambaye hajawahi hata kumwona, akaona wanawe wamekaa nje ya geti la shule. Akainuka na kurudi kwenye maji. Saa nzima ilipita hivyo.

Adhana ya alasiri ndiyo iliyomvunja. Bi Hilwa hakuwahi kuikosa alasiri. Adhana ikianza tu, utasikia fimbo yake, kisha bomba la bafuni likifunguliwa. Frida akasimama akasikiliza. Adhana ikaisha, na chumbani hakukusikika fimbo wala bomba. Akautupa mpira, akakimbia.

Mlango uliburuta taulo. Ndani hakukuwa na moshi hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha kuliko lolote. Chumba kilikuwa safi, kimetulia, kinanukia udi vizuri. Bi Hilwa alikuwa amelala ubavu, matapishi kwenye mto, mashavu yamemwiva kama aliyepakwa rangi ya harusi. Frida akamwita bibi, bibi, akamtikisa, mkono ukaanguka. Akalifungua dirisha kwa nguvu zake zote mvua ikaingia ndani. Akapiga kelele kumwita madam.

Na kabla madam hajafika, sikia alichofanya. Aliisukuma ile seredani bafuni na kufunga mlango. Hakupanga. Miguu na mikono ilifanya yenyewe, kwa mazoea ya miaka miwili ya kuficha.

Madam akaona ni sukari. Akatoboa kidole cha bibi, kipimo kikasoma juu kidogo, hakieleweki. Akampigia mumewe, mumewe amekwama kwenye maji njia ya Jebel Ali. Gari la wagonjwa likasema litachelewa. Basi madam akaleta gari lake hadi barazani, wakambeba wawili hao, mmoja kichwani mmoja miguuni, na Frida akakaa nyuma na kichwa cha bibi mapajani. Njiani akashusha kioo. Mvua ikawapiga. Madam akamwambia apandishe, bibi atapata baridi. Frida hakupandisha. Akasema bibi anataka hewa, madam, na ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia jambo. Alikuwa anapeleka kiganja kwenye pua ya bibi kila baada ya muda na hakuwa na hakika kama anachohisi ni pumzi au upepo wa dirishani.

Hospitali ya karibu ilikuwa imefurika kama mtaa wenyewe. Wakampokea haraka kwa sababu ya umri. Daktari alikuwa mwanamke wa Kihindi, mwenye miwani, anauliza huku anafanya. Ana magonjwa gani, anakunywa dawa zipi, alianguka, alilalamika kichwa? Madam akajibu yote, sukari, presha, hapana, hapana. Daktari akasema inaweza kuwa damu imevujia kichwani, waandae kumpiga picha, na akaanza kuandika. Akauliza tena, kwa desturi tu, kama kulikuwa na kitu chochote nyumbani, dawa za wadudu, hita ya gesi. Madam akasema hakuna, nyumba yao hawaruhusu hata moto.

Frida alikuwa amesimama kwenye pazia, nguo zinamchuruzika. Akaona polisi, akaona jela ya Waarabu, akaona mama yake anapewa habari na mtu wa posta. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Bibi mwenyewe hawezi kusema, seredani iko bafuni, ataiondoa akirudi, na wazee hufa, hasa wenye sukari. Hayo yote yalipita kichwani mwake, hakuyaficha hata alipokuja kuyasimulia. Kisha mhudumu akaanza kukisukuma kitanda, mkono wa Bi Hilwa ukaning'inia pembeni, na kwenye kucha zake kulikuwa bado na weusi wa mkaa. Alipenda kupanga makaa ya juu ya mfuniko mwenyewe.

"Daktari," Frida akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "kulikuwa na mkaa. Moto wa mkaa, ndani ya chumba chake, umefunikwa majivu. Mlango umefungwa. Mimi ndiye niliyeuweka."

Daktari aliinua kichwa, akamwuliza muda gani. Frida akasema tangu adhuhuri. Hapo kila kitu kikageuka. Picha ikaachwa, hewa ya mtungi ikaletwa, barakoa ikakazwa usoni mwa bibi, damu ikatolewa na mtu akakimbia nayo. Daktari akamshika Frida kidevu, akamtazama macho, akauliza naye alikuwa karibu na moto huo. Kabla hajajibu akatapika kwenye sakafu. Wakamlaza kitanda cha pili na kumvisha barakoa yake. Akalala hapo akisikia upande wa pili wa pazia madam analia kwenye simu, na hakujua kama anamlilia mkwewe au nini, na hakuthubutu kugeuka.

Bi Hilwa alifumbua macho siku ya pili. Nyumbani alirudi siku ya tano, maneno madogo madogo yanampotea na mkono wa kulia unatetemeka, lakini hai. Siku zote hizo hakuna aliyemwambia Frida kitu. Hakuna polisi waliokuja. Seredani haikuwepo tena bafuni wala nyuma ya pampu. Alipika kwenye gesi, akalifua lile taulo la bluu, akalianika, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya mengine. Mkaa alikwisha kuukiri. Taulo hakulikiri, na taulo ndilo lililomkosesha usingizi, kwa sababu mkaa uliombwa na bibi, lakini taulo hakuna aliyeliomba.

Siku ile ya tano wakamwita chumbani kwa Bi Hilwa. Amour alikuwa amekaa kitandani kwa mama yake, madam amesimama dirishani. Dirisha lilikuwa wazi. Madam akauliza kwa Kiarabu, pole pole, ili Frida aelewe vizuri.

"Lile taulo. Lilikuwa la kuzuia maji?"

Amour akamfasiria mama yake swali, maana tangu ugonjwa ule Kiarabu kilikuwa kimemtoka. Bi Hilwa, hata hakungoja, akainua ule mkono unaotetemeka. "Mwambie mkeo mimi ndiye n'liyemwagiza. Nilimwambia azibe mlango, maji yasiniingilie." Amour akavuta pumzi, akafasiri kwa furaha kabisa. Jambo limepata jibu, watu wanaweza kwenda kunywa chai. Bi Hilwa akamtupia Frida jicho, jicho la Alhamisi, lile la nyuma ya chumba cha kufulia. Na Frida alijua, na bibi alijua, kwamba taulo lilipowekwa bibi alikuwa amelala fofofo.

Alikuwa na kazi moja tu ya kufanya, kuitikia kwa kichwa. Kichwa kikakataa.

"Si la maji, madam," akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Bibi alikuwa amelala, anasema hivyo kwa kunionea huruma. Niliziba harufu isitoke, usije ukajua."

Amour akaacha kufasiri. Bi Hilwa akafumba macho. Madam akamsogelea.

"Hukujua kwamba utamuua?"

"Mwanzo sikujua. Tulipokuwa tunasukuma maji nikajua. Ukawa uko pale, nikaogopa kulitoa."

"Uliniogopa mimi kuliko ulivyomhofia yeye?"

Frida ameshafika huko, arudi wapi.

"Ndiyo, madam. Kwa saa nzima, ndiyo."

Badriya alimtazama. Kisha akamtazama mkwewe, yule mama ambaye kwa miaka miwili alijificha kwenye nyumba ya mwanawe ili ale wali. Hakusema khalas. Akatoka chumbani.

Frida akaenda kwenye kichumba chake, akafungasha. Havikuwa vitu vingi. Akakaa kitandani na begi mapajani akisubiri kuitwa, na kila gari lililopita nje lilikuwa la kumpeleka uwanja wa ndege. Saa mbili zikapita. Halafu akasikia mlango unagongwa taratibu, mara mbili, na hakuitikia kwa sababu hakudhani ni wake. Tangu aingie nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kubisha hodi kwenye mlango ule, walikuwa wanaufungua tu. Ukagongwa tena. Akasema ingia.

Alikuwa madam, macho yamevimba, pasipoti mkononi. Akaiweka juu ya begi.

"Kaa nayo mwenyewe," akasema. "Ukitaka kwenda, tiketi nitakukatia. Ukitaka kubaki, baki. Lakini usibaki kwa kuniogopa. Sitaki tena mtu aniogope hivyo nyumbani kwangu."

Akaondoka, akauacha mlango wazi. Frida akaishika ile pasipoti, akaifungua penye picha yake, akaifunga. Kutoka chumba cha bibi ikasikika fimbo, kisha bomba la bafuni, alasiri ilikuwa imeingia. Akaliweka begi chini, akaenda kumshika bibi mkono asiteleze.